Isogi, ubushera na impungure: Vyakula vya asili vya Rwanda vinavyopotea mezani Kigali

Katika vibanda vya Biryogo na Nyamirambo, mjini Kigali, asubuhi huanza kwa chapati, mandazi, sambusa na chai ya maziwa yenye tangawizi. Mchana hufuata pilau, ndizi za kukaanga na maharage. Mgeni anayefika hapo kwa mara ya kwanza akitokea Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu hahitaji mkalimani wa chakula, kwani karibu kila sahani anaijua jina lake.

Lakini katika masoko ya jiji hilohilo, Kimisagara, Nyabugogo na Kimironko, zipo meza ambazo watoto wengi wa mjini huzipita bila kuzitazama. Juu yake yamepangwa mafungu ya majani machungu, punje nyekundu za mtama, maboga, magimbi na unga wa ulezi. Hivyo ndivyo vyakula vilivyoilisha Rwanda kwa karne nyingi kabla ya mchele na ngano kuzoeleka. Leo vinazidi kuonekana kama chakula cha wazee, cha vijijini au cha siku ya shida, na watu wanaojua kuvitayarisha kama inavyotakiwa wanapungua.

Kwa wasemaji wa Kiswahili nchini Rwanda, jambo hili lina sura mbili. Jamii hiyo ndiyo iliyoleta mezani mwa Wanyarwanda vyakula ambavyo sasa vinahesabiwa kuwa vya kila mtu. Wakati huohuo, vyakula vingi vya Rwanda vinavyosahaulika si vigeni kwake hata kidogo: vina majina ya Kiswahili na vinapikwa pwani, Tabora na Ujiji. Kilichokatika ni uhusiano kati ya jina na chungu.

Jinsi jiko la Kiswahili lilivyofika Kigali

Katika karne ya 19, wafalme wa Rwanda hawakuwaruhusu wafanyabiashara wa pwani kujikita ndani ya nchi yao, ingawa misafara hiyo ilikuwa imekwisha kuenea Tabora, Ujiji na upande wa pili wa Ziwa Tanganyika. Waswahili waliingia kwa wingi pamoja na utawala wa Wajerumani, wakiwa askari, makarani, wakalimani, wapagazi na wachuuzi. Mwaka wa 1907 Richard Kandt aliweka kituo cha utawala mahali palipokuja kuwa jiji la Kigali, na mwaka wa 1913 ukajengwa msikiti wa Al-Fatah, unaohesabiwa kuwa msikiti wa kwanza nchini.

Wabelgiji walipochukua utawala baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, waliwatenga Waswahili katika makazi maalumu yaliyoitwa Kambi ya Waswahili, huko Biryogo, na kuwawekea masharti ya kutoka na kuingia. Kutengwa huko kuliacha alama mbaya katika lugha: kwa muda mrefu neno "Umuswahili" katika Kinyarwanda lilitumika pia kumaanisha mtu mjanja asiyeaminika. Hata hivyo, kambi hiyo ndiyo iliyokuwa jiko la kwanza la mji.

Katika mila za zamani za Rwanda, kula hadharani kulionekana kuwa ukosefu wa adabu. Chakula kililiwa ndani ya nyumba, mbali na macho ya wapita njia, na hata safarini mtu mzima mwenye heshima alijizuia. Vibanda vya Waswahili vilileta desturi nyingine: benchi, sahani na chai iliyo moto kwa yeyote mwenye senti mkononi. Leo, miaka mingi baadaye, mtaa mmoja wa Biryogo umefungwa kwa magari, lami yake imepakwa rangi, na wakazi wa jiji zima huja kukaa hapo kunywa chai.

Ushahidi wa safari hiyo umebaki katika Kinyarwanda chenyewe. Mnyarwanda anaposema "isahani", "isafuriya", "isukari", "icyayi", "umuceri", "igitunguru" au "tungurusumu", anatumia sahani, sufuria, sukari, chai, mchele, kitunguu na kitunguu saumu. Hata ndizi mbivu za kukaanga, ambazo wageni huambiwa ni chakula halisi cha Rwanda, huitwa "imizuzu", na kila aliyekulia pwani anaijua ndizi mzuzu.

Mtama: nafaka iliyokuwa na sherehe yake

Kama kuna chakula kimoja kinachoeleza kile ambacho Rwanda imekipoteza na kuanza kukirudisha, basi ni mtama, unaoitwa "amasaka". Pamoja na ulezi, "uburo", ndio uliokuwa nafaka ya heshima. Kutokana na nafaka hizo ulisongwa "umutsima", ugali mzito wenye rangi ya udongo mwekundu na harufu inayokaribia ya mkate uliookwa.

Mavuno ya mtama yalikuwa na sherehe ya taifa, Umuganura, ambapo mfalme alionja mazao mapya kabla ya raia wake. Ilikuwa ibada ya dola iliyoongozwa na walinzi maalumu wa siri za ufalme, walioitwa "abiru". Mwaka wa 1925, utawala wa Wabelgiji ulimhamishia Burundi Gashamura, kiongozi wa ibada hiyo, na Umuganura ukafutwa katika baraza la mfalme Yuhi Musinga. Miaka sita baadaye, mfalme mwenyewe alivuliwa ufalme.

Sherehe iliendelea kimyakimya katika koo na familia. Mwaka wa 2011 ilirudishwa kuwa sikukuu ya taifa, na sasa huadhimishwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Agosti. Siku hiyo mtama, ulezi, maboga, magimbi na maharage hupangwa mbele ya umma, na watoto hunyweshwa maziwa. Kwa vijana wengi wa Kigali, hiyo ndiyo siku pekee ya mwaka wanayoonja umutsima wa mtama.

Kuna sababu za kiuchumi pia. Mwaka wa 2007 serikali ilianzisha mpango wa kuongeza uzalishaji wa kilimo, uliolenga mazao machache yaliyochaguliwa: mahindi, ngano, mpunga, viazi mviringo, maharage na mihogo. Wakulima waliojiunga walipata mbolea na mbegu bora, na mavuno ya mazao hayo yakapanda sana. Mtama haukuwa katika orodha hiyo, na katika sehemu nyingi mahindi yalichukua nafasi yake shambani. Baada ya kutoka shambani, haukuchelewa kutoka chunguni.

Ubushera ni togwa

Mtama haukuliwa tu, ulinywewa pia. "Ubushera" ni kinywaji kitamu, kizito kidogo, chenye uchachu wa mbali. Mtanzania akikionja atakitambua mara moja: ni ndugu wa togwa. Kusini magharibi mwa Uganda, hasa Kabale, huitwa "bushera", na huko pia hupewa watoto na wafanyakazi wa shambani.

Utayarishaji wake unahitaji subira. Punje za mtama hulowekwa, kisha hufunikwa mahali penye unyevu hadi zichipue. Kimea hicho, kinachoitwa "amamera", huanikwa hadi kikauke na kusagwa. Unga hukorogwa katika maji ya moto, uji ukapoa, kisha huongezwa kimea kidogo na kuachwa usiku kucha. Kimea huvunja wanga na kuugeuza sukari, ndiyo maana ubushera huwa mtamu bila kutiwa sukari yoyote.

Muda ndio unaoamua ni kinywaji gani. Ukinywewa mapema, ubushera ni kinywaji cha familia nzima. Ukiachwa siku kadhaa, hasa ukitiwa chachu, hugeuka "ikigage", pombe ya mtama. Tofauti hiyo ina uzito katika nyumba za Kiislamu za Nyamirambo, na ndiyo inayofanya baadhi ya watu wakiepuke kinywaji hicho kabisa kwa kudhani kuwa kila kinachotokana na mtama ni pombe.

Vivyo hivyo kwa ndizi. Wengi wanaijua "urwagwa", pombe ya ndizi, lakini kabla ya pombe kuna "umutobe", maji matamu ya ndizi. Ndizi hufukiwa katika shimo lililotandikwa migomba na kupashwa joto, zikaiva kwa siku chache. Kisha humenywa na kukandwa pamoja na majani makavu katika mtumbwi wa mti uitwao "umuvure". Majani hayo hukamata nyama ya ndizi, na maji yakatoka safi. Ni hapo tu, akitiwa unga wa mtama uliokaangwa na kuachwa uchachuke, ndipo umutobe huwa urwagwa.

Majani machungu ya bibi

Katika mboga, jina linaloheshimiwa kuliko yote ni "isogi". Mmea huo una vijani vitano vilivyotandazwa kama vidole vya mkono na maua madogo meupe au ya zambarau. Kwa Kiswahili ni mgagani. Huota wenyewe kandokando ya mashamba na kwenye marundo ya majivu, na kwa sababu haununuliwi umekuja kudharauliwa.

Uchungu wake ndio unaowakimbiza wapishi wa leo, ingawa dawa yake inajulikana tangu zamani. Majani huchemshwa kwanza na maji ya awali kumwagwa, kisha hupikwa upya kwa maziwa, samli au karanga zilizotwangwa. Wengine huyachanganya na mchicha, "dodo", ili kuupunguza makali. Mgagani una madini ya chuma na vitamini A kwa wingi, virutubisho ambavyo wanawake wajawazito na watoto wadogo huvihitaji zaidi.

Pamoja nao kuna "umushogoro", majani machanga ya maharage, na "ibisusa", majani ya maboga. Mboga hizi mbili zinafundisha jambo ambalo jiko la mjini limelisahau: mmea mmoja hutoa mlo zaidi ya mara moja. Mboga huchumwa wiki kadhaa kabla ya maharage kukomaa, na boga linapoiva mama wa nyumbani amekwisha kulisha watoto kwa majani yake. Boga lenyewe, "igihaza", hupikwa na maharage hadi utamu wake uingie katika mchuzi, na ni chakula ambacho wazee wengi wa Rwanda hukitaja kwanza wanapoulizwa walikula nini utotoni.

Impungure, chakula kilichopewa jina la umaskini

Mahindi yaliyochemshwa pamoja na maharage huitwa "impungure". Tanzania huyaita makande, na nchini Kenya ni githeri. Ni chakula kilekile, lakini hadhi yake hubadilika kila kinapovuka mpaka. Nairobi githeri huuzwa hata katika migahawa yenye vitambaa vya meza. Kigali, kwa wengi waliosoma shule za bweni, impungure ni kumbukumbu ya sufuria kubwa na foleni ndefu, na mtu akishapata kazi huapa kutoyala tena.

Dharau hiyo ina gharama. Nafaka na jamii ya kunde zikiliwa pamoja hukamilishana, kwa kuwa protini inayopungua katika moja hupatikana katika nyingine. Kwa familia isiyomudu nyama au mayai kila siku, sahani moja ya impungure ina thamani kuliko sahani ya wali mtupu inayogharimu zaidi. Tangu mwaka wa 2021, Rwanda imepanua mpango wa kuwalisha wanafunzi shuleni kuanzia chekechea hadi sekondari, na mahindi na maharage ni kati ya vyakula vinavyoubeba mpango huo. Kizazi kipya, basi, kinayala. Swali ni kama kitayapenda au kitayakimbia kama waliowatangulia.

Maziwa yasiyoharibika

Kati ya vyakula vyote vya zamani, kilichostahimili mji kuliko vingine ni "ikivuguto", maziwa ya mgando yanayonywewa kila kona ya Kigali katika maduka ya maziwa, mara nyingi pamoja na mandazi au chapati. Hapo meza mbili zimekutana, ya mfugaji wa Rwanda na ya mwokaji wa Biryogo, bila mtu yeyote kuona ajabu.

Ikivuguto cha asili hutayarishwa kwa kutia maziwa mabichi chachu iliyobaki kutoka maziwa ya awali. Bakteria wa asidi huongezeka, maziwa huganda, na uchachu huo huzuia vijidudu vingi kustawi. Hiyo ndiyo iliyokuwa namna ya kuhifadhi maziwa kabla ya jokofu. Siagi ilitolewa kwa kusukasuka maziwa katika kibuyu kikubwa kiitwacho "igisabo", na maziwa yenyewe yalihifadhiwa katika vyombo vya mti, "ibyansi", vilivyosafishwa kwa moshi. Katika jumba la makumbusho la Rukari, huko Nyanza, mgeni bado anaweza kuona nyumba ya nyasi iliyotengwa kwa ajili ya maziwa ya mfalme, iliyotunzwa na msichana ambaye hajaolewa.

Mpango wa Girinka, ulioanza mwaka wa 2006, umeziwezesha kaya maskini kupata ng'ombe zaidi ya laki 4, na maziwa yamekuwa karibu na watu wengi kuliko zamani. Wataalamu wa afya, hata hivyo, husisitiza tahadhari moja: uchachu hauui kila kijidudu. Maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe na homa ya brusela, kwa hiyo ni salama zaidi kuyachemsha kwanza, kuyapoza, kisha kutia chachu.

Kinachoitwa cha asili nacho kina safari yake

Haifai kudhani kwamba vyakula vyote vinavyopendwa leo ni vya tangu enzi. Maharage, mahindi, viazi vitamu na mihogo vilitoka bara la Amerika. Kisamvu, "isombe", ambacho hutajwa mbele katika kila orodha ya vyakula vya Rwanda, kisingekuwapo bila mhogo huo. Isambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu ambao Bukavu na Goma huitwa sambaza, walitolewa Ziwa Tanganyika na kupandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wapo wazee waliozaliwa kandokando ya Kivu kabla ya samaki hao kufika.

Kwa hiyo hoja si kurudisha saa nyuma, wala kumnyima mtu chapati yake. Jiko la Rwanda limekuwa likipokea wageni siku zote, na wasemaji wa Kiswahili ni sehemu ya ushahidi huo. Hoja ni kwamba chakula kipya kikimfukuza cha zamani badala ya kuketi naye, meza hupungua upana. Na upana wa meza ni suala la afya: uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2019-2020 ulionyesha kuwa asilimia 33 ya watoto wa Rwanda walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kudumaa husababishwa na mambo mengi, yakiwamo magonjwa na maji yasiyo safi, lakini mlo wa aina moja kila siku ni miongoni mwao.

Nchi nyingine zimefanya nini

Japani, taifa lenye viwanda na miji mikubwa, iliona mapema kwamba vijana wake walikuwa wakiusahau mlo wa wazee wao. Mwaka wa 2005 ilitunga sheria ya elimu ya chakula, na shule zikawa mahali pa kuwafundisha watoto majina, majira na ladha za vyakula vya eneo lao. Mwaka wa 2013, desturi za mlo wa Kijapani, ziitwazo "washoku", ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Karibu zaidi, Kenya ilikuwa imeona mboga zake za kienyeji zikidharauliwa kuwa chakula cha maskini, mgagani ukiwa mmojawapo. Wanasayansi, jamii na wanafunzi wa shule walishirikiana kuandika majina ya mimea ya chakula, takriban 850, katika lugha za wenyeji. Mwaka wa 2021 UNESCO iliutambua mpango huo kuwa mfano wa kuigwa. Leo mboga hizo huuzwa katika maduka makubwa ya Nairobi, na bei yake si ya dharau tena.

Mafunzo ya nchi hizo mbili yanafanana katika jambo moja: kazi ilianza kwa majina. Mboga isiyo na jina kinywani mwa mtoto ni gugu tu.

Hapo ndipo wasemaji wa Kiswahili wa Rwanda wana nafasi ya pekee. Kiswahili kilipitishwa kuwa lugha rasmi ya nchi mwaka wa 2017, na watoto wanakisoma shuleni. Bibi wa Biryogo anayemwambia mjukuu wake kwamba isogi ni mgagani, uburo ni ulezi, intoryi ni nyanya chungu, amateke ni magimbi na impungure ni makande, anampa mtoto huyo vitu viwili kwa wakati mmoja: neno la lugha yake na chakula cha nchi yake.

Kwa anayetaka kuanza, safari si ndefu. Fungu la isogi hupatikana katika masoko mengi ya Kigali, hasa msimu wa mvua. Unga wa mtama huuzwa kwa kilo, na hata uji wa Sosoma, unaonywewa na watoto wengi, umebeba mtama ndani ya jina lake, kwa kuwa jina hilo limeunganishwa kutoka soya, mtama na mahindi kwa Kifaransa. Ijumaa ya kwanza ya Agosti, meza za Umuganura zitakapopangwa tena, mwenye kuyajua majina hayo hatakuwa mtazamaji, atakuwa mlaji.